Mteja kachukua mzigo, sasa hapokei simu. Kabla hujamposti, soma hii

Kila wiki inboksi yetu inaletewa swali lilelile likiwa limebadilisha nguo. Mmoja kauza wigi kwa mali kauli, mteja akasema "mshahara ukitoka tu dada yangu", na mishahara imeshatoka mara tatu. Mwingine katuma simu Mbeya kwa basi, mteja anasema boksi limefika na kava tupu. Mwingine kapokea nusu ya hela ya oda ya China, mzigo umefika, mteja kabadili namba. Halafu wote wanamalizia kwa maneno yaleyale: "Picha yake ninayo. Nimposti?"

Jibu fupi ni usimposti. Jibu refu ndilo hili hapa chini. Tunazungumzia Tanzania Bara, maana Zanzibar wana mahakama zao na baadhi ya sheria zao.

"Hatukuandikishana popote. Kweli nina mkataba?"

Unao. Watu wengi wanadhani mkataba ni karatasi yenye mhuri wa mwanasheria. Sheria ya Mikataba haisemi hivyo. Mkiwa watu wazima, mkakubaliana kwa hiari, kitu halali, kwa bei inayojulikana, huo ni mkataba. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikaongeza kwamba makubaliano hayakosi nguvu kwa sababu tu yamefanyika kwa njia ya kielektroniki. Kwa hiyo ile "nitumie mbili, nyeusi na maziwa, hela Ijumaa" iliyoandikwa WhatsApp saa tano usiku ina uzito kuliko unavyofikiri.

Ila kuna kitu wauzaji wachache wanakijua. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni ya zamani, inasema mauzo ya thamani ya kuanzia shilingi 200 hayadaiki mahakamani mpaka kiwepo kimoja kati ya vitatu: mnunuzi awe amepokea bidhaa au sehemu yake, au awe ametoa kitu cha kushikia au sehemu ya malipo, au yawepo maandishi yaliyosainiwa na huyo unayemdai. Shilingi 200! Siku hizi hiyo ni bei ya pipi, kwa hiyo sheria inagusa karibu kila kitu unachouza.

Maana yake kwako ni nini? Mteja aliyekupigia simu akasema "niwekee ile friji nakuja kesho", hajalipa hata mia, hajaichukua, na hakuna alichoandika, huyo akighairi huna pa kumshika. Aliyetanguliza elfu 20 au aliyekwishapokea mzigo, unaye. Ndiyo maana sisi tunang'ang'ania hela ya kushikia oda hata kama ni kidogo. Kazi yake kubwa ni kwamba imeacha alama.

"Nimeenda polisi, wameniambia hili ni suala la madai. Wananionea?"

Hapa ndipo watu wanapoteza muda na nauli. Hapana, hawakuonei. Mteja aliyechukua mzigo akiwa na nia ya kulipa kisha akashindwa, au akawa mjanjamjanja tu wa kukwepa, ana deni. Deni ni madai. Kazi ya polisi ni jinai. Askari akimpigia simu mdaiwa wako akamtisha, hela inaweza kutoka kweli, tunajua inatokea. Lakini siku mdaiwa akipata mtu wa kumweleza haki zake, wewe ndiye utakayeanza kuulizwa ulimfungulia jalada la kosa gani.

Inakuwa jinai pale udanganyifu ulipokuwepo tangu mwanzo. Mtu kakutumia meseji ya muamala wa kutengeneza, ukaachia mzigo. Mtu kajifanya mnunuzi wa ofisi fulani ambako hafanyi kazi. Mtu kakutumia risiti ya benki aliyoibadilisha tarakimu. Huko ndiko kujipatia mali kwa udanganyifu, na Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo kinachofika hadi miaka 7. Kwa kesi kama hizo nenda polisi siku hiyohiyo, ukiwa na ile meseji kwenye simu yako bila kuifuta, na namba iliyotumika. Meseji za utapeli pia unaweza kuzituma namba 15040, ambayo TCRA imeitenga kwa kazi hiyo.

Jiulize swali moja kabla ya kupanda bajaji ya kituoni: alinidanganya kuhusu jambo gani, siku ile anachukua mzigo? Ukikosa jibu zaidi ya "alisema atalipa na hajalipa", geuza bajaji ielekee Mahakama ya Mwanzo.

"Sasa nimposti au nisimposti?"

Tuchukue mfano wa kubuni. Unadai 480,000 za vitenge. Umemsubiri miezi minne. Unaweka picha yake kwenye ukurasa wako, jina lake, namba yake ya simu, jina la mtaa anakokaa, na maneno makubwa: TAPELI HUYU. Unawatumia pia meseji mama yake na bosi wake. Unapata laiki nyingi kuliko bidhaa yoyote uliyowahi kuposti.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kosa la unyanyasaji wa mtandaoni: kumtumia mtu mawasiliano kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia fadhaa. Faini yake inaanzia milioni 5, au kifungo kinachoanzia miaka 3, au vyote viwili. Soma tena hiyo hesabu. Unadai laki 4 na 80, unajiweka kwenye hatari ya milioni 5. Na neno "tapeli" ni tuhuma ya jinai. Ukishindwa kuithibitisha, anaweza kukufungulia shauri la kumchafulia jina.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Namba, anwani na picha ya kitambulisho ulipewa kwa ajili ya kufikisha mzigo. Kuzimwaga mtandaoni ni matumizi mengine kabisa, na siku hizi ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambako mtu anaweza kwenda kulalamika. Wale wa mikopo ya simu waliokuwa wanawatumia ndugu wa mdaiwa meseji za kumdhalilisha, kelele zake tulizisikia wote. Usijiweke kundi moja nao wakati haki ni yako.

Na kwenda nyumbani kwake na vijana wawili kubeba televisheni? Hiyo ndiyo mbaya kupita zote. Unaweza kutoka hapo ukijibu tuhuma ya wizi au ya kuingia kwa mtu kwa jinai, huku deni lako likiwa bado halijalipwa.

"Ushahidi wangu ni skrinishoti tu"

Skrinishoti ni mwanzo mzuri, ila wengi wanazipiga vibaya. Ukimsevu "Mama Ashura Wigi", skrinishoti itaonyesha Mama Ashura Wigi, na mahakamani atauliza huyo ni nani. Fungua wasifu wake mpaka namba ionekane, piga picha hapo pia. Tarehe zionekane. Usikate juu wala chini ukaacha sehemu inayokupendeza, maana yeye anayo mazungumzo yote kwenye simu yake na ataleta ile sehemu uliyoficha. Sheria inamtaka hakimu aangalie kama ujumbe ulitunzwa kwa namna ya kuaminika na kama aliyeutuma anatambulika. Kwa hiyo printi karatasi zako, lakini simu yenyewe iwe nayo siku ya kesi, mazungumzo yakiwa humo. Ukibadilisha simu, hamisha mazungumzo kwanza.

Sauti nazo usizifute. Kwenye hela, usitegemee meseji pekee. Omba taarifa ya miamala kutoka mtandao wako wa simu au benki.

Na bodaboda aliyepeleka mzigo ni shahidi. Mtu aliyemkabidhi mteja boksi mkononi, akaona nyumba, akajua geti la rangi gani, ana thamani kuliko skrinishoti kumi. Kaa na namba yake. Tena mwambie kila anapokabidhi akutumie ujumbe mfupi: "Nimemkabidhi dada saa 10:20, Tabata, duka la dawa." Ujumbe wa siku ile ile unaaminika kuliko kumbukumbu ya miezi sita baadaye.

Tatizo kubwa la sisi wauzaji wa mtandaoni ni jingine, na ni la aibu kidogo: hatujui tunayemdai ni nani. Mahakama inahitaji jina kamili na mahali anapopatikana ili wito umfikie. "Queen wa Insta" hapelekewi wito. Jina linalotokea wakati wa muamala wa simu linasaidia, lakini laini nyingine zimesajiliwa kwa jina la kaka. Kwa hiyo kwa mtu yeyote wa mali kauli, kabla mzigo haujatoka, uwe na majina yake mawili au matatu, mtaa anaoishi, na ujumbe wake mwenyewe unaosema anachukua nini, kwa bei gani, atalipa lini. Akikwambia "yaani huniamini?", mwambie ni utaratibu wa duka. Anayekasirikia swali hilo mara nyingi ameshakujibu.

"Mahakama ya Mwanzo wanashughulika na vilaki vyetu?"

Ndiyo hasa kazi yao. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya deni linalotokana na mkataba mpaka shilingi milioni 30. Kiwango hicho kinatosha biashara zetu nyingi. Lugha ni Kiswahili, wakili si lazima, unajieleza mwenyewe. Kawaida unafungua eneo anakoishi mdaiwa au pale jambo lilipotokea. Unaeleza madai yako, unapewa kontroo namba ya kulipia ada, mdaiwa anapelekewa wito, mnapangiwa tarehe. Ada uliza masjala, na risiti yake itunze, maana ukishinda unaweza kuomba mdaiwa akurudishie gharama za shauri.

Kesi ya madai haihitaji ithibitishe jambo kwa kiwango cha kesi ya mauaji. Anayeshinda ni yule ambaye ushahidi wake una uzito kuliko wa mwenzake. Wewe una ujumbe wa oda, muamala wa advansi na bodaboda. Yeye ana "sikumbuki". Asiporidhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na wewe vilevile.

Tusidanganyane lakini. Hukumu si hela. Asipolipa inabidi urudi kuomba kukazia hukumu, mahakama ikamate mali yake iuzwe. Inachukua muda, na kama mdaiwa hana kitu, hana kitu. Kwa deni la elfu 35 pengine siku zako mbili za biashara zina thamani kuliko hiyo hela. Piga hesabu kwanza, bila hasira.

Kabla ya mahakama kuna njia ambayo mara nyingi inamaliza. Mwandikie madai rasmi, maneno machache, bila matusi:

"Habari dada. Tarehe 3 mwezi wa 5 ulichukua kwangu vitenge 12 vya jumla ya shilingi 480,000 kwa makubaliano ya kulipa tarehe 30 mwezi huohuo. Mpaka leo sijapokea malipo. Naomba ulipe ndani ya siku 14. Kama unahitaji kulipa kwa awamu, nijibu hapa tupange. Baada ya hapo nitafungua madai Mahakama ya Mwanzo."

Tisho pekee humo ni la kufanya jambo halali, na kuna mlango wa awamu. Akijibu "nipe mpaka mwisho wa mwezi nilipe laki 2", amekiri deni kwa maandishi yake mwenyewe. Mkiweza kukutana, nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkaandikishane. Yeye hana mamlaka ya kuhukumu deni lenu, lakini karatasi yenye saini zenu na mashahidi wawili ni kielelezo kizuri.

"Mzigo umepotea kwenye basi. Hasara ni ya nani?"

Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, kama mmekubaliana utume, ukishaukabidhi mzigo kwa msafirishaji inachukuliwa kwanza kwamba umemkabidhi mteja. Wauzaji wanashangilia wakisikia hivyo. Subiri. Sheria hiyohiyo inakutaka ufanye makubaliano ya maana na msafirishaji, kulingana na aina ya mzigo. Ukimpa kondakta simu ya laki 6 kwenye mfuko wa nailoni, bila risiti, bila kutaja ni nini, mteja ana haki ya kukataa kwamba huko ni kukabidhi. Na kama uliposti "tunakufikishia mpaka mlangoni, mzigo ukipotea juu yetu", ahadi yako inatawala.

Kwa hiyo: risiti ya mzigo yenye maelezo ya kilichomo na thamani yake, picha ya boksi likiwa wazi na likiwa limefungwa, na ujumbe kwa mteja kabla ya kutuma: "Natuma kwa basi ulilochagua, risiti hii hapa." Anayeidai kampuni ya basi bila risiti anaanza na mkono mmoja.

"Nimeandika bidhaa ikiuzwa hairudishwi, bado anataka hela yake"

Inategemea analalamikia nini. Uliposti viatu vya ngozi, vimefika vya plastiki. Uliandika namba 39, imefika 37. Hapo hukumpelekea kitu mlichouziana, na yale maandishi ya "hairudishwi" hayakuokoi. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, na FCC wanashughulika na hayo. Kuposti picha ya gauni la kwenye tovuti ya Uturuki kisha kutuma la kushonwa Kariakoo si mbinu ya masoko. Hapo wewe ndiye unayedaiwa, na ile Mahakama ya Mwanzo tuliyoisifia iko wazi kwa mteja pia.

Posti picha ya mzigo ulionao. Kama rangi inatofautiana kidogo kwa mwanga, andika. Kama ni mtumba wenye doa, piga picha ya doa. Mteja aliyeoneshwa doa akanunua hana cha kulalamikia kuhusu doa.

"Alilipa nusu ya oda, kaghairi. Nikae na hela?"

Siyo moja kwa moja. Kama mlikubaliana wazi kwamba akighairi advansi hairudi, una pa kusimamia, ila hata hapo mahakama inaangalia fidia iliyo ya haki, isiyozidi kiasi mlichotaja. Kama hamkutaja chochote, unachoweza kutetea ni hasara uliyopata kweli: usafirishaji uliolipa, tofauti ya bei uliyouzia mwingine. Kula laki 3 nzima wakati mzigo umeuuza kwa bei ileile siku ya pili yake ni kujitafutia kesi.

Na mzigo uliofika ukakaa kwa sababu mteja hamalizii? Una haki ya kuushikilia mpaka umaliziwe. Ukitaka kuuza, mpe taarifa kwanza kwa maandishi kwamba asipolipa ndani ya muda unaofaa utauuza. Vitu vinavyoharibika, kama keki au matunda, havisubiri taarifa.

"Deni ni la mwaka juzi. Nimeshachelewa?"

Bado. Kwa madai ya mkataba, Sheria ya Ukomo inakupa miaka 6 tangu deni lilipotakiwa kulipwa. Na akikiri deni kwa maandishi na kusaini kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya tangu siku aliyosaini. Akifariki kabla hajalipa, deni linadaiwa kwenye mirathi yake, kwa msimamizi atakayeteuliwa na mahakama, kwa hiyo daftari lako la madeni lisitupwe.